Nani Kakufundisha "Down"?

Mama Upendo, mke wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Habari za hapo nyumbani, habari za Upendo na masomo yake, habari za mama na miguu yake inayomsumbua? Upepo wa kipupwe umeshatulia, au bado? Nauliza kwa sababu huku upepo ukivuma ujue ni wa moto, kama mtu kakufungulia tanuri la mikate usoni. Mimi mzima wa mwili. Ubavu hauumi tena isipokuwa nikicheka, na siku hizi sina cha kunichekesha.

Barua hii anakuletea Hamisi, yule Mnyaturu wa Sepuka tunayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo kuona watoto wake. Nimemwomba akifika Singida asikimbilie kwao kwanza, apande basi la kuja huko, akukabidhi mkononi mwako. Si kwa mama, si kwa Upendo, na hasa hasa si kwa mpangaji. Wewe umemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu unaujua tangu ulipokuwa unauficha chini ya godoro baba yako asiuone. Huhitaji mtu wa kukusomea.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Tangu Jumapili ile napiga, inaita mpaka inakata. Nikituma ujumbe naona umeusoma, majibu hakuna. Sawa. Barua haina kitufe cha kuizimia.

Sasa nisikilize. Nitaanza mbali kidogo, maana nataka uone njia niliyopita mpaka nikafika kwenye hasira.

Kazi niliyokuwa naifanya hapo machimboni Sekenke kabla sijaja huku Uarabuni unaijua: kuzungusha winchi ya mkono, kushusha watu shimoni na kupandisha viroba vya mawe. Aliye chini akitikisa kamba mara moja, simama. Akitikisa mara mbili, vuta. Ukikosea, unamrudisha mtu kwa mke wake akiwa kwenye turubai. Ndiyo maana huku walinichukua haraka. Waliuliza nani amewahi kufanya kazi na kamba na mzigo, nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Huku kreni ndiyo inayofanya kazi ya mikono yangu. Dereva wake ni Mhindi mmoja, anaitwa Rajan, anakaa juu kabisa kwenye kibanda cha kioo, na mahali mzigo unapotua hapaoni. Mimi nasimama huku chini na redio ya mkononi, ndiyo macho yake. Nikisema "down", anashusha. Nikinyamaza, anasimama. Basi kazi yangu ni neno hilo kutwa nzima, down, down, pole pole, down, mpaka jioni nikivua helmeti midomo bado inalitamka. Hamisi anasema hata nikiwa nimelala nalisema, na yeye anazinduka anashika kitanda akidhani kinashuka.

Nilipofika nilidhani down ni chini, basi. Kama kwetu: ukitoka Kiomboi unashuka Sekenke, ukitoka Sekenke unapanda Kiomboi, na hakuna wa kubishana na mlima. Kumbe hawa wenye lugha yao wanalituma neno hili kila kazi kama mtoto wa kambo. Msimamizi wetu, Mfilipino, aliniona siku moja nakimbia akaniambia slow down, nami nikajitazama miguuni nione cha kushusha ni kipi. Alitaka nipunguze mwendo tu. Akisema write down anataka niandike, hata kama ubao wa kuandikia umetundikwa juu ya kichwa changu. Kompyuta ya getini ikigoma kusoma vitambulisho vyetu wanasema iko down, na iko palepale mezani, haijaanguka. Ukiuliza duka liko wapi unaambiwa down the road, na barabara yenyewe ni tambarare kama sinia. Rajan naye, siku alipopata habari kwamba binti yake kafeli mtihani, aliniambia redioni kwamba anajisikia down, akiwa amekaa juu kuliko binadamu wote wa mji huu.

Na kuna moja ambalo hakuna anayelipenda. Redioni ikisikika man down, kazi yote inasimama, maana mwenzetu kaanguka au kaangukiwa. Siku ile nilipopigwa na mzigo, huyo aliyetangazwa nilikuwa mimi. Wenzangu ndio walionisimulia, mimi sikusikia kitu.

Maana hizi niliziokota moja moja, kwa aibu na kwa kuchekwa. Hakuna mtu aliyekaa na mimi kwenye benchi akanifundisha. Na nilijivunia, sikufichi. Nilijisemea siku moja nitamfundisha Upendo, aone baba yake hakuja huku kufunga vyuma tu.

Basi nilipopona nikarudi kazini, mwanangu akaniandikia kwa simu yako: "Baba, down ina maana ngapi?" Furaha niliyoipata siku ile huwezi kuijua. Nilitoka kazini sikuoga. Nilikaa kitandani, nikawaomba wenzangu wazime televisheni, nikamrekodia sauti ndefu, yote niliyokueleza hapa na mifano yake, mpaka ile ya kompyuta. Nikangoja. Akajibu: "Asante baba. Mwalimu Frank alishatufundisha zote hizo, na nyingine mbili hujazitaja."

Alishawafundisha. Yeye na darasa lake, nikajipa moyo. Nikaenda kuoga.

Huyo Mwalimu Frank mimi namfahamu kwa picha tu. Wewe uliniambia shule ya kata imeletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka Mbeya, hana pa kukaa, na chumba cha uani kipo tupu kinafuga popo. Nikasema sawa, apange. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nilidhani ni mzee wa miwani anayekaribia kustaafu. Picha ilipokuja nikaona kijana ana kifua na meno yote.

Haikupita muda nikakupigia kuhusu bati la jikoni ambalo mlichelewa kulipigilia misumari mpaka upepo ukalibeba. Nilifoka kidogo, nakubali. Nawe ukanijibu kwa upole kabisa, "Baba Upendo, calm down."

Niliitoa simu sikioni nikaitazama kama ndiyo iliyosema. Mke niliyemwoa mimi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa good morning teacher ya darasa la tatu, ananiambia calm down na matamshi yamenyooka kuliko yangu. Maneno hayaoti uani kama mchicha, Mama Upendo. Yanatoka kwenye mdomo wa mtu yanaingia kwenye sikio la mtu, na ili yaingie vizuri namna ile lazima watu hao wakae karibu. Nikakuuliza, "Nani kakufundisha?" Ukacheka. Ungenijibu tu, hata kwa uongo, ningelala. Wewe ukacheka ukasema mboga inaungua.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuona mambo ambayo hayapo mbele yangu. Nimesimama juani na redio mkononi, lakini naona benchi letu la uani. Naona Upendo kakaa katikati na daftari lake, kulia wewe, kushoto yeye. Halafu naona Upendo ameinuka kwenda kuosha vyombo. Hapo benchi linabaki na watu wawili, na mimi nabaki na mzigo unaning'inia hewani, Rajan ananiuliza redioni nimekufa au vipi. Wanasema wivu kidonda. Mimi nasema kidonda kina nafuu, unakifunga kitambaa unaenda kazini.

Na nikakumbuka jambo lingine nililokuwa nimelifungia moyoni. Nilipoumia, simu yangu ilisagika pamoja na mfuko wa shati. Nilikaa hospitali bila kuwasiliana na yeyote. Nilipopata nafuu nikaazima simu ya Hamisi, nikakupigia, nikijua nitakutia hofu ya kukuangusha. Nikakuambia taratibu kwamba mzigo umenigusa, ubavu una ufa, naendelea vizuri. Ukasema: "Pole. Ule vizuri. Usijilazimishe kurudi kazini."

Basi, ikaishia hapo. Hukupiga ukunga, hukulia, hukuuliza hata kama damu ilitoka. Mke wa Hamisi, mumewe akishikwa na mafua tu, analia simuni mpaka chumba kizima tunamsikia na Hamisi anaona aibu. Siku ile mimi nilimrudishia Hamisi simu nikamwambia mke wangu ana moyo wa chuma, na nilisema kwa majivuno. Lakini nilipogeukia ukutani nilisema mengine. Nilisema huyu mwanamke angekuwa bado ananipenda, angelia.

Halafu ikaja Jumapili ya kuku.

Nilikuwa nimesharudi kazini, nimenunua simu nyingine. Upendo akanitumia video, akaandika, "Bibi kachinja." Nikaiona nyumba yangu. Nikaliona sinia la ugali, nikauona mlenda, na kuku katika mafuta yetu wenyewe ya alizeti, mate yakanijaa. Mama anagawa nyama kama anavyogawa siku zote, hataki kusaidiwa, kila mtu na kipande chake. Nikaona mkono wake umechukua firigisi. Nikatabasamu, maana nilijua anachotaka kufanya. Marehemu baba alipokuwa safarini, mama alikuwa anaifunika firigisi kwenye kibakuli, na hata ikikauka ikawa kama kokoto haikuguswa na mtu mpaka mwenyewe arudi.

Mama hakuifunika. Aliiweka kwenye sahani ya Mwalimu Frank. Na wewe umekaa hapohapo, umeinamisha kichwa, unatabasamu. Na yeye hakuuliza, hakusitasita. Akaila.

Niliirudia video ile mpaka simu ikazimika. Kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa firigisi ni ya nani. Mtoto wa chekechea anajua. Mpe uone, ataogopa kuitia mdomoni. Mwanamume anaweza kukosa shamba, akakosa ng'ombe, akakosa hata viatu vya kuendea kanisani, lakini kuku akichinjwa nyumbani kwake firigisi ni yake. Ikiliwa na mwanamume mwingine, naye mwenye nyumba yu hai, watu waelewe nini? Mimi nimekaa huku na ubavu wenye ufa, kumbe nyumbani nimeshaanuliwa matanga, na aliyerithi ni kijana wa Mbeya.

Nikakupigia palepale. Unakumbuka niliyosema, sina haja ya kuyaandika yote. Nilisema mpangaji atoke mwisho wa mwezi, na kama hatoki yeye, utatoka wewe. Nilikuwa nasikia kuku wa jirani. Kisha ukasema, "Kama ndivyo unavyoniona, sawa," ukakata.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua. Ndiyo maana nimekaa na kalamu. Na kuna jambo linanibana: ofisi wameniletea mkataba mpya, miaka mingine miwili, wanataka jibu kabla Hamisi hajapanda ndege. Jibu langu liko kwako. Kama nyumba bado ni yangu, narudi nilale ndani yake. Kama si yangu, bora nizeekee hapa na kreni, angalau yenyewe nikiiambia kitu inasikia. Kwa hiyo nataka uniambie wazi, bila kunicheka na bila kusingizia mboga, huyu mtu ni nani kwako na

Hapo ndipo niliposimama jana. Leo naendelea na kalamu nyingine, usishangae wino kubadilika. Sentensi ile sitaimalizia.

Mama amenitumia sauti. Unamjua mama na simu, anaongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Ameanza kwa Kiswahili cha utulivu, ameulizia ubavu, ameulizia chakula. Alipofika katikati akakasirika, akamalizia kwa Kinyiramba, na Hamisi aliyekuwa anapanga begi lake akaanza kucheka kwa sababu matusi yetu na ya kwao yanaelekeana. Mama kasema mimi ni mjinga. Kasema alikuwa amenyamaza kwa kuwa ulimwapisha, lakini mwanamume akifikia kumfukuza mkewe kwa kipande cha kuku, kiapo nacho kinakuwa hakina kazi.

Ndipo nikajua kwamba siku niliyoumia ofisi walikupigia. Nilipoajiriwa niliwapa namba yako, ya mtu wa kuambiwa likitokea la kutokea, nikasahau kabisa kama niliwapa.

Mama anasema ulikuwa shambani unakata vichwa vya alizeti. Simu ikalia, namba ndefu ya ajabu, mtu anaongea Kiingereza mbio mbio. Ukamwambia aseme Kiswahili, yeye anaendelea tu. Akalitaja jina langu. Ulilisikia jina langu, Mama Upendo, na katika yote aliyomwaga ukaambulia neno moja la kuondoka nalo, down. Kisha akakata.

Ukatoka shambani na kanga ya kazi, makapi kichwani, vumbi mpaka magotini, ukaenda shuleni. Hukupita ofisi ya walimu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa darasa, Mwalimu Frank akiwa ubaoni na Upendo wetu kakaa humohumo, ukamuuliza mbele ya watoto wa watu down maana yake nini. Upendo ndiye aliyemsimulia bibi yake. Kasema yule kijana alianza kukujibu kama mwalimu, kwamba inategemea imetumikaje, halafu akakutazama usoni akaacha. Ukamwambia, "Wamemtaja mume wangu."

Akaweka chaki. Akawatoa watoto nje. Akaipiga ile namba, ikaita bila kupokelewa, akapiga tena, salio likaisha, akatuma mtu dukani kununua vocha, akapiga tena. Akazungushwa kutoka huyu mpaka yule. Mwishowe akampata mtu wa hospitali anayejua habari zangu, akauliza, akasubiri, akauliza tena kuhakikisha. Kisha akageuka akakuambia kwa Kiswahili kwamba nipo hai, ni ubavu, nimepewa dawa nimelala, nitaamka. Mama anasema, kwa aliyochungulia Upendo dirishani, hapo ulikaa sakafuni, mgongo ukutani, ukalia kilio ambacho hukukilia hata kwenye msiba wa mama yako mzazi.

Kwa hiyo mimi nilipokupigia kwa simu ya Hamisi, ulikuwa umeshalia yakaisha. Ukabaki na pole.

Na jioni yake ukamwambia Mwalimu akufundishe na wewe, pamoja na mtoto, kwa sababu hutaki siku nyingine wakupigie ushindwe hata kuuliza kama mumeo mzima. Mkaanza na lile neno ulilotoka nalo shambani, ndilo Upendo akaja kuniuliza mimi. Na ukawaapisha wote wawili, mama na mtoto, nisiambiwe, kwa hoja kwamba mtu anayesimama chini ya mizigo haifai awe anawaza kilio cha nyumbani. Mama naye aliweka nadhiri yake: nikisharudi kazini kwa miguu yangu mwenyewe atachinja yule kuku wake mweupe anayempenda kuliko wajukuu. Nikimnukuu bila yale matusi, kasema, "Siku ile nilikuwa sina mwana wa kuniambia kama mwanangu yu hai. Huyu ndiye aliyeniambia. Nikampa haki ya mwana."

Mama Upendo, lile neno la kutoka, nimelirudisha. Nisamehe. Mwalimu abaki, chumba ni chake. Kama ana mchumba huko Mbeya amlete, tena nitafurahi sana akimleta, mwambie afanye haraka. Kurasa za mwanzo sizichani. Zisome ujue mumeo amekaa vipi muda wote huu, maana siwezi kujifanya malaika kwa kalamu moja na shetani kwa nyingine.

Lakini usidhani wivu umekwisha. Nilingoja wivu uondoke baada ya sauti ya mama, nikangoja, wenzangu wakala wakamaliza, wivu bado upo. Umehama tu mahali pa kukaa. Firigisi ameila halali, simdai. Kiingereza ni cha wote, hata Rajan anacho. Kuna kitu kimoja tu siwezi kumwachia, nacho ameshakichukua na wala hajui.

Tangu nikuoe, ni mimi peke yangu ninayejua unavyolia. Unaanza kwa kuuma pindo la kanga ili sauti isitoke, halafu mabega yanakusaliti. Tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza ulijizuia mbele ya wafiwa wote, ukawapikia na uji, watu wakakusema una roho ngumu. Walipoondoka ndipo ulipolia, kifuani pangu, na hakuna aliyejua, hata mama. Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo mali yangu niliyoiacha salama kuliko zote. Sasa kilio kikubwa kuliko vyote, kilio changu mimi, chenye jina langu, amekiona mtu mwingine. Alikuwa pale, mimi sikuwapo. Hilo linauma kuliko ubavu, na mtu wa kumlaumu simpati.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini. Karani akanisogezea kalamu na mkataba, nikamrudishia vyote viwili. Akashangaa. Akaniuliza kama kazi imenishinda, au ni hofu ya ile ajali, au nimepata mahali pengine. Nikamwambia hapana, nyumbani kuna mtu anafanya kazi yangu, tena anaifanya vizuri. Alidhani nazungumzia shamba, akanitakia mavuno mema. Nitamalizia muda uliobaki kwenye mkataba huu wa sasa, na kabla ya kupanda alizeti nitakuwa hapo. Msinitafutie mtu wa kulima.

Nisalimie mama, mpe shikamoo yangu, umwambie matusi yamefika na yamefanya kazi. Baba mkwe mpe shikamoo ya pekee, ila habari ya firigisi asiisikie. Shemeji Yona na ng'ombe wake, asalimiwe. Mjomba wa mizinga ya nyuki asalimiwe, anitunzie asali ya kunitosha. Shangazi wa Kiomboi ukipanda huko mwambie namkumbuka. Upendo mwambie zile mbili ambazo sikuzitaja aniandikie, nataka kuzijua kabla sijaja. Mwalimu naye msalimie, mwambie nasema asante kwa siku ile, nasema kwa moyo. Msalimie ukiwa umesimama mlangoni, usiingie.

Simu ikiita, pokea. Mimi nakuja. Na kama kabla sijafika utapata jingine la kulia, tafadhali, ningoje.

Ni mimi mumeo,
Baba Upendo